Programu ya Viua Iliyokwenda Kirongwe

Nyinyi vijana mnaorushiana programu kwenye simu kama watoto wanaogawana ubuyu, hebu someni hapa polepole. Mimi nimeishia darasa la nne, na siku ya kwanza kugusa kompyuta nilikuwa tayari naitwa bibi. Lakini nimefanya kazi miaka mingi katika karakana ya kudarizi kofia pale Kilindoni, kisiwani Mafia, na jambo moja nililiona likiwagombanisha watu wawili niliowapenda. Ndilo nitakalowaambia. Nikipita pembeni nivumilieni, ndivyo ninavyoongea hata nyumbani.

Kofia ninayoisema ni kofia ya viua, ile yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, upepo unapita, kichwa kinapumua. Nilipokuwa msichana tulizishona kwa mkono, kitambaa magotini, sindano na kitobolea tu. Ukijichoma, damu ikadondokea kitambaa cheupe, mama hakuulizi kidole. Anauliza kofia. Mwanamke mwenye mkono mzuri alijulikana kisiwa kizima bila kuonekana: mumewe akipita msikitini, watu wanatazama kichwa chake, wanajua huyu nyumbani kwake kuna mtu.

Karakana ilikuwa ya Fundi Makame. Mrefu, mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua, kelele hazipendi. Redio iliruhusiwa wakati wa taarifa ya habari, ikiisha inazimwa, hata kama wimbo unaofuata anaupenda mwenyewe. Alinichukua kupiga pasi, baadaye akanitia kwenye kushona. Hakunifundisha kwa maneno. Alichukua kazi yangu, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akaifumua yote mbele yangu, akanirudishia kitambaa. Wasichana wengine waliondoka wakisema wanaonewa. Mimi nilibaki, kwa sababu kila alipofumua niligundua alianzia palepale nilipoanza kukosea. Sikuwahi kumwambia kwamba nimegundua.

Na leo nikipita pale nikaona pamekuwa duka la vifuniko vya simu, nasikia harufu ya wanga wa muhogo uliokuwa ukichemka nyuma. Wanga ndio unaofanya kofia isimame. Usiutie mwingi, kofia itakuwa bati. Usiutie ukiwa moto, itajikunja. Ukishaipaka ivalishe bakuli la kiasi cha kichwa, uianike kivulini. Anayeanika juani ana haraka, na kofia yake itakuwa ya manjano kabla ya Idi.

Halafu ikaja cherehani ya kompyuta. Fundi aliinunua Dar, imeshatumika kwa mtu mwingine, ikaletwa kwa boti imefungwa magodoro. Watu walikuja kuitazama kama bibi harusi. Unaipa mchoro, inashona yenyewe, fremu inakwenda huku na huku, na wewe umesimama tu kama mtu anayesubiri chai. Wiki ya mwanzo ilikula kola ya kanzu ya bwana mmoja mkubwa wa mji. Fundi akaitoa ile kola kwenye meno ya mashine, akaikunja, akaiweka mfukoni, akasema, "Leo nani amewafundisha kazi, mimi au hii?"

Tulijifunza. Weka karatasi ngumu chini ya kitambaa, la sivyo uzi utakivuta kijikunje. Umeme ukikatika usiguse fremu, hata kwa unywele mmoja, maana ukirudi mashine inaendelea pale ilipoachia, na fremu ikiwa imesogea, ua linaota pembeni ya ua. Na hapa kwetu hewa ya chumvi inakula chuma, basi mafuta kila asubuhi, kabla ya salamu.

Sasa nakuja kwenye programu. Mashine yenyewe haijui kuchora. Kuna programu ndani ya kompyuta inayogeuza mchoro kuwa mishono, ndiyo inayoiambia sindano ianze wapi iishie wapi. Ile ya kwanza tulipewa na muuzaji wa mashine, kwenye flashi, tukaambiwa tumieni. Tukatumia. Asubuhi moja ikafunguka na maandishi mekundu, ikadai ufunguo, ikakataa kazi. Fundi akampigia muuzaji, simu imezimwa. Akapiga tena mchana, imezimwa.

Ndipo tukamjua Neema. Alikuwa binti wa bara, Mkristo, kaja kufanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja pale Kilindoni, na jioni hupita kutazama kofia zikishonwa. Aliingia, "Shikamoo Fundi, shikamoo Mama Mize," ndiye mimi, tukamwitikia marahaba, akainama kwenye ile kompyuta, akacheka kidogo. Akasema mwenye programu ile huuza ruhusa ya kuitumia, na anayeitumia bila ruhusa hana haki nayo. Aliyetupatia hakuwa na haki ya kutupatia. Hata tungeinunua halali, tungepewa ruhusa ya kuitumia tu, si ya kuigawa wala kuifungua ndani.

Fundi aliudhika, lakini hakuwa mtu wa kung'ang'ania cha mwizi. Akamwambia Neema amtafutie nyingine.

Neema akaleta programu huria. Imeandikwa na watu wa mbali tusiowajua, ambao wameitoa kwa hiari yao, ila wameiwekea masharti. Akatusomea masharti, akitafsiri. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye bobini, nikasikiliza. Alisema: ukiitumia kwako, hakuna anayekuuliza kitu. Shona kofia, uza kofia, kofia ni zako. Ibadilishe upendavyo, ifiche sandukuni, shauri yako. Lakini siku utakayompa mtu mwingine nakala ya programu yenyewe, umempa kazi ya watu, na watu hao wanasema: mpe na vya ndani yake, yale maandishi ambayo programu imetengenezwa kwayo, ili naye aweze kuirekebisha. Na mwache awe huru kama ulivyoachwa wewe. Vya ndani hivyo Neema aliviita msimbo.

"Kwa hiyo nikikaa nayo hapa, sina wa kunisumbua," Fundi akasema.

"Huna, Fundi."

"Basi nitakaa nayo hapa."

Nawaambia ukweli, kama angekaa nayo hapo nisingekuwa na cha kuandika.

Taabu ya programu ile ilikuwa moja. Ilijua maua, majani, herufi, beji za shule. Kiua haikukijua. Kiua kinataka kwanza duara dogo la uzi, kisha mtu atoboe katikati, kisha uzi urudi kuzunguka ukingo wa tundu. Mashine ilikuwa haijui kungoja mtu atoboe. Inapita moja kwa moja, inakupa kitone cha uzi, si tundu. Tulipozitoa zile za kwanza, jamaa mmoja wa sokoni akatuuliza kama kofia zina ndui.

Fundi akampa Neema kazi ya kuifundisha. Akamletea kofia iliyoshonwa na marehemu mama yake. Mama yake Fundi Makame alikuwa na namna yake ya kuzungusha uzi kwenye tundu, anakwenda mzunguko mmoja, anarudi nyuma nusu, anakwenda tena, na kiua chake hakikuwahi kufumuka hata kofia ikifuliwa mpaka kitambaa kichoke. Wanawake wengi walijaribu kuiga, hawakuiweza, maana hakuwahi kumwonyesha mtu. Fundi mwenyewe aliijua kwa kukaa chini ya mkono wake utotoni. Akakaa na Neema jioni kwa jioni, yeye anashona kwa mkono, Neema anaandika. Mimi nilikuwa nikiwapelekea chai, nawaona wameinamia tundu moja kama watu wanaotoa mwiba.

Siku mashine iliposhona kiua cha kwanza cha namna ile, ikasimama yenyewe, ikangoja nitoboe, ikaendelea, mbele, nyuma nusu, mbele, Fundi alivua miwani akaifuta. Halafu akamwambia Neema, hiki kitu kisitoke hapa ndani. Neema akajibu kuwa ana haki hiyo, maadamu hakitoki.

Kikatoka. Na alikitoa mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu Pili ameolewa Kirongwe, na mumewe ni mdogo wake Fundi Makame. Kwa hiyo Pili kwangu ni damu, na kwa Fundi ni shemeji. Pili akajikusuru akapata mashine ya kudarizi, ndogo kuliko yetu, ya aina nyingine. Akaja Kilindoni kutuarifu kwamba sasa naye ni fundi. Fundi Makame alifurahi sana siku ile, akaagiza pweza, na katika furaha akamwambia Neema amtilie shemeji yake programu kwenye flashi. Programu tu, ya kufungua na kutumia. Vya ndani visiguswe.

Neema akasema taratibu, "Fundi, hapo unaitoa."

"Naitoa kwa nani? Huyu wa nyumbani."

Neema akanitazama mimi. Mimi nikatazama pweza. Mgeni wa bara utaanzaje kuwaambia watu wa kisiwa kwamba shemeji ni mtu wa nje? Akaitia.

Hapo ndipo tunapokosea sisi watu wa Mafia, na nyinyi mnakosea mpaka leo. Kwetu kitu kikitoka mkononi mwako kikaenda kwa ndugu, tunahesabu hakijatoka. Chungu kikiwa kwa dada, kipo nyumbani. Lakini chungu kikienda kwa dada, kwako hakipo. Programu ikienda kwa dada, kwako ipo na kwake ipo. Zimekuwa mbili. Mtu mwingine ana nakala yake, jikoni kwake, kwenye mashine yake. Huko ndiko kusambaza, hata kama mmenyonya ziwa moja.

Pili akapata kazi kubwa. Chuo kimoja cha Kurani pale Kirongwe kilitaka kofia za watoto wote kwa ajili ya Maulidi, za viua. Akaikubali mbele ya wazazi wao, msikitini, kupitia mumewe. Akarudi nyumbani, akaanza, na mashine yake ikamkatalia. Yetu ilikuwa ikisimama kungoja mtu atoboe. Yake ilisimama, lakini ikianza tena inaanzia kando, sindano inapiga ukingo wa fremu, inakatika. Alivunja sindano mpaka duka la Kirongwe likaishiwa. Jirani yake kulikuwa na mwalimu anayejua kompyuta, akatazama, akasema tatizo dogo, programu hii haijui mashine yako, nipe msimbo wake nikae nao hapa kwenye mashine nirekebishe. Pili hakuwa na msimbo.

Akaja Kilindoni na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Neema alikuwepo jioni ile. Pili akamwamkia shemeji yake, akaeleza shida yake, akaomba vya ndani.

Fundi akakataa. Hakukataa kwa ubaya. Akamwambia amletee vitambaa, tutamshonea hapa. Pili akasema alichoahidi ni kazi ya mikono yake, na chuo kimejaa watoto, karakana yetu nayo ina kofia za Maulidi za mji mzima. Ilikuwa kweli, tulikuwa tumejaa mpaka dirishani. Akasema asipofikisha, jina litakalotajwa barazani ni la mumewe, aliyesimama msikitini.

Fundi akasema, "Ile namna ni ya mama. Ikiwa wazi kwako itakuwa wazi kwa huyo mwalimu, na kwa mwalimu mwingine. Kesho nitaikuta Kilwa."

Pili akageuka kwa Neema. "Mwanangu, wewe ndiye ulisoma masharti. Mimi nina haki au nabembeleza tu?"

Neema alikuwa amekula kwenye nyumba ile. Hata hivyo akasema, "Una haki, Mama Pili."

Fundi akashusha miwani. "Programu nimekulipa mimi uitengeneze."

"Ulichoongeza ni chako, Fundi. Lakini umekiongeza ndani ya kazi ya watu. Michoro ya kofia aliyoacha mama yako hakuna anayekudai, ile unailisha tu mashine kama unavyolisha kitambaa. Namna ya kuzungusha uzi iko ndani ya programu yenyewe, niliiandika humo. Ingebaki hapa, ungeenda nayo kaburini na sheria isingekuuliza. Siku uliyompa Mama Pili nakala, ulitumia ruhusa ya wale watu ya kugawa, na ruhusa ile inakuja na msimbo."

"Nimempa shemeji yangu."

"Leseni haina neno shemeji."

Nilitaka kucheka, nikajibana. Fundi alimwuliza, na kama hataki? Neema akamwambia ruhusa yake ya kugawa inaanguka, na hapo atakuwa amenakili kazi ya watu na kuigawa bila ruhusa, kosa la hakimiliki, kama yule muuzaji aliyetupatia flashi. Akauliza, na Pili je? Neema akasema Pili hana kosa, yeye anatumia alichopewa, aendelee.

"Basi arudishe," Fundi akasema.

Pili akaitoa flashi kwenye pindo la kanga, akaiweka mezani mbele yake. "Hiyo, shemeji. Watoto wa watu nitawavisha nini?"

Fundi hakuigusa. Neema akasema kwa sauti ya chini kwamba kurudisha hakufuti kuwa ilitolewa. Hapo Fundi alisimama, akazima taa ya mashine, akatuambia tufunge.

Njiani Pili hakunisemesha. Alidhani mimi niko upande wa karakana. Na kusema kweli nilikuwa pande zote mbili, nikiumia pande zote mbili. Nilikijua kile kiua. Nilikuwa nimejaribu kukishona kwa mkono, nikakifumua, nikajaribu tena, kabla mashine haijaja. Kilikuwa cha mama wa mtu. Lakini Pili naye nilimbeba mgongoni.

Siku zilizofuata Fundi hakuwasha redio hata wakati wa habari. Alikuwa akikaa na ile kofia ya mama yake, anaigeuza ndani nje. Neema hakuja, aliona haya. Kazi ilikwenda, mashine ilishona, ila ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Asubuhi moja nikamkuta Fundi amekwishafungua mwenyewe, amevaa kanzu ya kutokea, flashi ya Pili iko mkononi. Akaniambia nivae baibui, tunakwenda Kirongwe. Nikauliza, flashi ina nini? Akasema amepita kwa Neema alfajiri, kamtoa kwenye chai yake.

Tulipanda pikipiki mbili. Ya kwake ilikwenda mbele taratibu, kofia kaishika kwa mkono mmoja. Minazi, mikorosho, na watu wanaotusalimu njia nzima, wanadhani kuna msiba. Pili alitoka mlangoni na sindano iliyovunjika mkononi. Akamwamkia. Fundi akaitikia, akaingia moja kwa moja kwenye mashine bila kukaribishwa, akampa flashi yule mwalimu jirani aliyekuwa ameinamia mashine.

Mwalimu alifungua ile programu, na mara hii vya ndani vikaonekana, mistari kwa mistari. Fundi akavuta kigoda akakaa karibu naye. Walikaa vile mpaka adhuhuri. Kila mwalimu alipofika mahali asipoelewa kwa nini uzi unarudi nyuma nusu, Fundi alichukua sindano na kitambaa akamwonyesha kwa mkono. Alimwonyesha kwa mkono, mbele ya kila mtu. Watoto wa Pili walikuwa wameegemea dirisha. Mama yake Fundi hakuwahi kufanya vile maisha yake yote.

Baada ya sala mashine ikawashwa. Ikashona duara, ikasimama. Pili akatoboa. Ikaanza tena, na sindano ikaingia pale hasa ilipotakiwa, mbele, nyuma nusu, mbele. Pili akakata uzi, akaliangalia tundu kwenye mwanga, akampa shemeji yake.

Fundi aliushika uzi wa lile tundu kwa kucha, akavuta. Halikufumuka. Akamrudishia Pili kitambaa, akavaa viatu.

Pale mlangoni akageuka. "Shemeji, huyu mwalimu ataiomba ampelekee mwenzake. Na wewe dada zako watakuja."

"Watakuja," Pili akasema.

"Ukimpa mtu, mpe na vya ndani yake. Usije ukanitia aibu."

Pili akamwitikia, "Ndiyo, shemeji," akageuka kuweka kitambaa kingine kwenye fremu, maana Maulidi yalikuwa karibu.